Sihaba na Kanzu Nyeupe

Baba yangu,

Assalamu alaykum. Wewe ndiye uliyenifunza kwamba watu wa makaburini husalimiwa kama walio hai, basi pokea salamu zangu, na za Mama, na za mbwa wako Sihaba, asiyejua kusalimu ila kwa kelele. Hatujambo. Mtama umeanza kutoa mashuke. Nakuandikia mikono ikinuka ng'onda, wale samaki wa kukausha uliowapenda, na utajua sababu.

Tangu ulipotuacha, Sihaba alikuwa hakai na watu. Wewe ulimzoeza shambani, kazi yake nyani na nguruwe, usiku akilala chini ya dungu lako la kulindia mazao. Lakini nani angelala dunguni sasa? Ikabidi nimlete kijijini kila jioni na kumrudisha asubuhi kwa kamba. Mama akasema mbwa haingii uani mwake, malaika wasije wakatukimbia na msiba tunao. Nikamjengea kibanda cha makuti nyuma ya ukuta, na hapo Mkokoni nzima ikapata la kusema. Akipita mtu, anaruka. Mtu akipiga hodi, anabweka mpaka sauti inamkauka. Na njia ya shamba, wajua, inapita mbele ya msikiti.

Unawajua wanaume wetu. Wakimwona mbwa huinua kanzu hadi magotini na kurukaruka kama wanaovuka tope, wasije wakaguswa na mate yake wakapata najisi. Sihaba akiona miguu inacheza namna ile, ndiyo kwanza anapandwa na mori. Ijumaa moja aliniponyoka, akaifikia kanzu ya Ami Bakari, ndugu yako. Hakumuuma, wallahi. Pua tu. Ami akarudi nyumbani kuifua mara saba, moja kwa udongo, na sala ya Ijumaa ikampita. Alikuja mlangoni kwetu kwa hasira. "Mbwa huyu yuna wazimu," akamwambia Mama. "Idi ikisa, askari wa liwali watapita na bunduki kuua mbwa. Nitawaonesha ndia ya hapa."

Nililia, Baba. Bila mbwa nyani wangetumalizia mtama, na mtama ndio tumbo letu la mwaka mzima. Tena, niseme kweli, nililia kwa sababu ningefiwa mara ya pili.

Wengine walisema ana jini, wengine kichaa. Mimi nikawa namtazama tu, kama ulivyokuwa ukimtazama wewe. Jirani yetu mvuvi akipita asubuhi na kikoi chake, Sihaba kimya. Mvuvi yule yule akipita Ijumaa ndani ya kanzu, anamrukia. Ndipo nikaikumbuka siku ile. Sisi wanawake hatufuati jeneza. Sihaba alikuwa amekuja mwenyewe kutoka shambani kukutafuta, nami nikamshika shingoni nyuma ya ukuta, tukawatazama wanaume wa kanzu nyeupe wakikubeba kwa kupokezana mpaka kwenye kona ya njia. Aliwaona wakienda nawe, akawaona wakirudi bila wewe. Ningekuwa mbwa ningebweka pia. Na mimi nisiyebweka, Baba, moyo hunipasuka nikiona kanzu nyingi pamoja.

Ulikuwa ukisema, "Mnyama hafundwi kwa fimbo, hufundwa kwa tumbo." Basi nikaanza. Kwanza nikaziba kibanda chake kwa makuti upande wa njia, asiwaone wapitao, na kelele za nyumbani zikapungua. Kisha nikaitoa kanzu yako. Nguo zako zote tulizitoa sadaka ila ile iliyochanika bega. Nikaitundika kichakani, mbali, na kila alipoitazama nikampa kipande cha ng'onda. Kila siku tukaisogelea kidogo. Siku moja upepo ukamletea harufu yako. Akaenda polepole, akatia pua kwenye upindo, akalala chini yake. Nami nikakaa hapo hapo tukakulilia. Mama akaifua mara saba bila kunisema neno. Nilijua nitahuzunika harufu yako ikitoka, na nilihuzunika.

Njiani nikajifunza kumtoa pembeni mapema, kabla hajashtuka, na kanzu ikitokeza tu, samaki yuko mdomoni. Siku mbaya zilikuwepo. Siku moja ya arusi, watu walipojaa njiani, alinivuta mpaka nikaanguka miibani, na waliocheka walicheka. Lakini akaanza kuiona kanzu na kugeuka kuutazama mkono wangu.

Wakabaki wanaume. Na unajua nani alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wake zao wawaambie wasiinue kanzu, wapite taratibu tu? Mama! Yule yule wa malaika. Walipomcheka akawajibu, "Mbwa hafi maji akiona ufuko, na huyu keshauona."

Asubuhi ya Idi ningeweza kumficha shambani. Sikutaka. Nilisimama naye kando ya njia, wakaja wote pamoja, weupe mtupu, takbira midomoni. Nilishika kamba kwa mkono mmoja, ng'onda kwa mwingine. Wakapita kanzu chini, taratibu. Wa mwisho alikuwa Ami Bakari, kanzu yake ameikusanya ngumini mpaka gotini. Sihaba akasimama. Ami naye akasimama. Akamtazama mbwa, akanitazama mimi, macho yake kama yako. Kisha akafungua ngumi, kanzu ikashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, akapita. Sihaba akaugeukia mkono wangu.

Baada ya sala alisimama mlangoni, akamwambia Mama, "Askari wakiya, waambieni yule ni mbwa wa nduyangu."

Hajatulia kabisa, Baba. Mwavuli bado haupendi, wala punda wa muuza maji. Lakini shamba lina mlinzi, na mlinzi ana mtu. Naahidi sitamwacha. Na mtama ukivunwa nitamleta mpaka kwenye kona ile ya njia, makaburini asiingie, adabu naijua. Mungu akurehemu huko uliko. Nasi tutasimama pale, mimi na yeye, tuwatazame watu wa kanzu wakienda na wakirudi, wala hatutabweka.

Mwanao,
Mwanesha