Ngurumo ndani ya kopo la kijani

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekifungua tena kisanduku cha pedali yangu ya gitaa. Skrubu nne, mara ya sita. Mlio uko palepale.

Pedali yenyewe inafanya kazi, hilo mtu asinibishie. Kazi ya korasi ni kuchukua sauti ya gitaa, kuichelewesha kidogo, kuitikisa, kisha kuirudisha kando ya ile ya kwanza, hadi msikilizaji adhani magitaa mawili yanatembea pamoja. Yangu inafanya hivyo. Chipu nimeing'oa kwenye mashine ya mwangwi iliyokufa, niliyoikuta Ndosho kwa wauza vyuma. Kisanduku ni kopo la maziwa ya unga. Nimelipaka rangi ya kijani ndani na nje, mara mbili. Linapendeza kuliko ya dukani.

Lakini nikiacha kupiga, mbu anaingia. Mwembamba, juu kabisa, hapumziki. Namchukia kuliko mkurugenzi yeyote niliyewahi kumwandikia barua ya wazi. Na nimeandika nyingi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempata. Kuna waya unaobeba mapigo ya kuiendesha chipu. Niliulaza sambamba na waya wa gitaa. Upumbavu wa mtu anayeanza. Nimeufupisha na kuupitisha upande wa pili. Nimeongeza kondansateri moja, kile kidude cha kulainisha umeme, pale umeme unapoingia, nyingine kwenye njia ya kutokea ili ikate sauti za juu zisizo na kazi.

Mbu amekufa.

Nimejaribu kwa batri, kwenye redio kuukuu niliyoigeuza ampli ya kukuzia sauti. Kimya. Hapa Majengo hatuna umeme wiki ya pili sasa, na leo sikumlaani mtu. Nilikaa nikakisikiliza kimya kile.

Tarehe 17 ni sikukuu ya parokia. Kwaya itaimba wimbo nilioutunga mimi. Mwanzo wake ni gitaa peke yake, mistari minane kabla mtu hajafungua kinywa. Nimeungoja mwaka mzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu.

Kanisani tunatumia umeme wa jua: mapano ya kunasa jua juu ya paa, batri, na konvertiseri ya kuugeuza uwe wa kawaida. Nilichomeka pedali mazoezini. Kabla sijagusa uzi, ngurumo. Nzito, ya chini, kama lori la viazi linapanda mlima kwa gia ya kwanza.

Mama Esperansi wa sauti ya kwanza hakungoja.

"Papa Zakaria, gitaa yako imemeza kamio?"

Sauti ya tatu wote wakaanza kuunguruma kama hilo lori. Watu wazima! Mama Noela, kiongozi wetu, ndiye peke yake ambaye hakucheka, na hiyo ni mbaya zaidi. "Kama haijanyamaza mbele ya sikukuu, papa, ule mwanzo tutautia sinte."

Sinte. Kinanda cha plastiki kinachojifanya violini. Kwenye wimbo wangu. Afadhali waukate kabisa.

Nyumbani kimya, kanisani ngurumo. Basi kosa ni la kanisa. Haihitaji shahada.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimesoma tangu asubuhi. Vitabu viwili na daftari langu la zamani. Jibu ni waya wa ardhi, ule unaoshusha umeme uliopotea mpaka kwenye udongo. Udongo! Nani ana udongo Goma? Tumejenga juu ya lava. Chuma kilichopigwa kwenye jiwe kavu hakigusi kitu. Ni pambo.

Nilikwenda kukitazama kile cha kanisa. Kiko nyuma ya sakristia, katikati ya rundo la mawe meusi. Hapo nikakumbuka. Papa Anakleti, fundi umeme wa parokia, kila Jumamosi anabeba bido, lile dumu la maji, na kulimwaga pale. Miaka yote. Kwaya nzima inamcheka: ananywesha majiwe. Na huyo ndiye tuliyemkabidhi umeme wa nyumba ya Mungu!

Nimeiandikia komite ya parokia. Kurasa tatu. Nimeweka sentensi hii: "Mtu anayemwagilia mawe na kungoja yaote." Nimeisoma mara nne. Ni nzuri.

Jumapili, 10 Agosti

Barua imesomwa baada ya misa, mbele ya komite na wakuu wa vikundi vyote. Papa Anakleti alikuwa amekaa mstari wa kwanza, kofia magotini. Walipofika kwenye mawe, watu walicheka sana. Mwenyekiti mwenyewe alifuta macho.

Nilikuwa nimeandaa majibu ya hoja saba nilizodhani atatoa. Hakutoa hata moja. Alisimama, akaweka ufunguo wa chumba cha batri juu ya meza, akatoka. Aliponipita mlangoni alisema tu, "Weye unasomaka sana, papa. Kuuliza, hapana."

Kiburi. Mtu aliyeshindwa anatakiwa abishane.

Jumanne, 12 Agosti

Komite imeleta fundi mwingine. Amebadilisha nyaya, amekaza kila kitu, amefuta vumbi mpaka kwenye dirisha. Ngurumo ileile.

Mama Esperansi: "Kamio haijatoka garaji tu?"

Nilikasirika hadi nikapotea katikati ya wimbo nilioutunga mwenyewe. Mama Noela amemwita mpiga sinte aje Alhamisi.

Vizuri. Kesho nakwenda kukifukua chuma cha Papa Anakleti. Nitakiweka mezani kwa komite, kikavu, na lava yake. Waone kwamba uharibifu wake haurekebishwi kwa kufuta vumbi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefukua.

Niliondoa mawe ya juu. Chini yake, udongo. Mwekundu, laini, baridi. Mwezi wa nane, kila kitu ni vumbi, na ule udongo ulinishika vidoleni. Nikachimba hadi kiwiko. Bado udongo, umechanganywa na makaa na chumvi. Nilipapasa kingo: lava iliyochongwa kwa nyundo na patasi, shimo ambalo mtu mzima angesimama ndani mpaka kiunoni.

Muzee Batisti, mlinzi wa parokia, alikuja kusimama nyuma yangu. Aliniacha nichafuke kwanza.

"Huyo mutu alipiga ile jiwe miezi mbili," alisema. "Udongo alitoa kwa shamba ya baba yake, kule Masisi. Mifuko kumi na mbili, juu ya viazi, ndani ya kamio. Maji ni ya kufanya usikauke. Ukikauka, hautumike tena. Weye haukujua?"

Sikujua. Sikuinua jiwe moja. Vitabu viwili na daftari, na sikuinua jiwe moja!

Shamba lile sasa hawezi kufika, kwa sababu ya vita. Hilo pia Muzee Batisti alisema, bila kuulizwa.

Nilirudisha kila kitu kwa mikono. Kama ardhi ni nzima, kosa liko kwangu: nikarudi nyumbani nikachukua kipimo cha umeme. Ncha moja kwenye waya wa hasi, ncha nyingine kwenye kopo. Sindano haikutikisika.

Rangi.

Kopo ni la kukinga kelele za nje. Ili lifanye hivyo lazima liungwe na waya wa hasi, lipitie kwenye ampli hadi ardhini. Langu halijaungwa na kitu. Tundu la gitaa limekaa juu ya rangi ya kijani, nati imekazwa juu ya rangi ya kijani, na rangi haipitishi umeme. Halikingi, linadaka. Nyumbani hakukuwa na umeme wa kudaka, basi nikajiona bingwa. Konvertiseri ya kanisa iliponguruma, kopo liliibeba ngurumo yote.

Nilitaka lifanane na la dukani.

Nimekwangua kwa kisu mpaka bati likawa jeupe. Nimejikata kidole gumba. Sawa tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimechomeka. Kimya. Kimya kizito, hata sauti ya tatu wakainua vichwa. Nikapiga mistari minane. Magitaa mawili yalitembea pamoja hadi mwisho, na baada ya noti ya mwisho hapakubaki kitu. Mama Noela alimwambia mpiga sinte arudi kwake.

Sikufurahi. Niliwaambia wote: kosa lilikuwa kwenye kopo langu, ardhi ya Papa Anakleti ni nzima, bila hiyo hata kopo lisingenyamaza. Nilidhani watanicheka. Ningependa wanicheke.

Mama Esperansi aliniangalia. "Ile barua ilisomwa mbele ya komite na vikundi vyote, papa. Na hii unatusomea siye kumi na watano?"

Nimekaa kuandika. Kurasa mbili za kueleza nadharia, rangi, hali ya hewa. Nimezichana. Nakasirishwa na mtu huyu anayeeleza, yaani mimi mwenyewe. Barua ya mwisho ina mistari sita. Haina sentensi nzuri hata moja.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilikwenda Ndosho, kwa Papa Anakleti. Alikuwa anarekebisha pasi ya jirani. Nilimpa nakala ya barua, ile itakayosomwa kesho baada ya misa, palepale. Aliisoma polepole, akaikunja, akaitia mfukoni. Nilimnyooshea ufunguo wa chumba cha batri pia. Nilikuwa nimeuomba kwa mwenyekiti. Papa Anakleti hakuupokea.

"Ule komite watauleta wenyewe."

Nikasema ndiyo, papa. Nikasimama kwenda. Ndipo akauliza, "Leo ni Jumamosi. Nani ametia maji?"

Hakuna mtu.

"Bido moja. Usimwage juu ya chuma. Uzungushe."

Nimerudi parokiani, nimezungusha. Wamama wa kikundi kingine walipita na mifagio yao ya kusafisha kanisa. Mmoja alipiga kelele kwamba leo ni Papa Zakaria ananywesha majiwe, wakacheka hadi mlangoni. Nilimaliza bido. Maji yalikaa kidogo katikati ya mawe, kisha yakaanza kushuka. Nilingoja mpaka ya mwisho yakashuka.