Walivyomlilia Mama Angali Hai

Ruashi, Lubumbashi
Tarehe 14 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Katongo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Kikohozi kinaendeleaje na baridi hii ya Lukafu? Mihogo mmeanza kuchimba? Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa Mapalo barua hii. Kesho anapanda lori la kuja huko.

Sisi tupo tu. Dada yako hali yake si nzuri. Lile jiwe la kwenye figo limekua. Mashine ya kulivunja kutoka nje haimsaidii kwa sababu ya unene wake, nguvu yake haifiki ndani. Daktari anataka kulitoa kwa kupitia mgongoni, na Mama atapaswa kulala kifudifudi muda mrefu. Akatuambia tumzoeze kwanza nyumbani, tuone kama atapumua.

Basi Jumamosi tukatoa viti vyote uani, tukatandika godoro chini sebuleni. Unajua mwenyewe, hapa kwetu viti hutolewa hivyo kukiwa na kilio. Hakuna aliyekumbuka.

Jirani yetu Virginie alipita, akaona, akajifunga kitambaa kiunoni na kuingia analia. Wengine wakamfuata. Wakamkuta Mama amelala kifudifudi, kimya. Mwili ule haugeuki upesi, Mjomba, na pumzi haikumtosha kusema neno. Wakazidi kulia, hata sisi tuliposema yu hai hawakutusikia. Mpaka tunamgeuza alikuwa amesikia yote, hata Virginie akiomboleza kwamba hakuna sanduku la maiti litakalomtosha.

Waliona haya sana. Virginie bado analeta uji kila asubuhi, maskini. Lakini Mama hataki tena hospitali. Alisema mara moja tu: "Bamesha kunilia. Munataka nikufe mara ya pili?" Tangu siku ile hajalala kifudifudi. Anashika ubavu akidhani hatumwoni.

Daktari anasema figo inaharibika, na usaha ukiingia damuni tutampoteza. Naogopa, Mjomba. Mama hatusikilizi sisi watoto wake, ila neno lako wewe hajawahi kulikataa. Katika watu wake wote, wewe peke yako hujamlilia. Njoo umwambie aende.

Nisalimie Mama Edith na David. Mungu awape afya, na akufikishe kwetu salama.

Mama hajui nimekuandikia haya. Aliposikia Mapalo anakuja huko, aliniambia nikupe salamu zake, na nikwambie kwamba yeye ni mzima kabisa.

Mpwa wako anayekupenda na kukungoja,
Huguette