Maua ya Malenge kwa Mwende

Dada Mbithe,

Mvua imenyesha huku Matiliku, na malenge ya zile mbegu ulizoacha yametambaa hadi matuta ya juu. Nakuandikia nikiwa jikoni, miguu imevimba. Nimechoka, dada. Tangu tukuzike sijapata kukaa hivi.

Mwende wako alikataa kula. Kila nilichopika alisukuma sahani na kusema, "Mama hapiki hivi." Halafu jioni akaanza kujikwaa. Siku moja alikanyaga sufuria ya uji iliyokuwa mbele yake kabisa. Hakuiona.

Nikambeba hadi zahanati. Muuguzi akampa matone ya vitamini, akanionya nisitegemee matone peke yake. "Mpe mboga za kijani, malenge, hata maua yake, na utie mafuta kidogo. Hicho ni chakula cha macho."

Maua! Nikakukumbuka asubuhi shambani, leso imelowa umande. "Chuma ya kiume, yenye kikonyo chembamba. Lile lenye kitoto nyuma liache, ndilo litazaa. Na ya kiume usiyamalize, nyuki watafanya kazi na nini?" Ulitoa kile kijiti chenye unga katikati, ukayakaanga na kitunguu, nyanya na majani ya kunde, tukala na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe.

Nikapika vivyo hivyo. Akakataa.

Mwezi uliopita nilitoka kuteka maji, debe mgongoni, nikamkuta shambani. Alikuwa amechuma maua yote yenye vitoto. Malenge yetu karibu yote ya msimu, Mbithe, yamejaa kwenye gauni lake. Nilitaka kumpigia kelele. Nikakaa kwenye tuta nikalia. Akanitazama.

"Nimekuletea mboga, mama mdogo."

Ningefanya nini? Nikapika vyote, vitoto na maua. Akala. Akaomba tena. Nilikuwa nimesahau anavyotafuna kwa kelele, kama wewe.

Sasa tunachuma pamoja, namwonyesha ya kuacha. Na jana, jua likiwa limeshatua, aliniita kutoka mlangoni: "Mama mdogo, kuku mweusi amebaki nje!" Nilikodoa macho. Hata mimi sikumwona mara moja.

Basi pumzika, dada. Mimi bado nina kunde za kupalilia na mtoto wa kuogesha. Nitamlea kama niliyemzaa. Na kila akiniuliza habari zako nitamwambia. Hilo peke yake sitalichoka.

Mdogo wako,
Kanini