Manjano kwenye Komeo

Dada Mwajuma, shikamoo. Mama Sabra wako nipo mzima huku Uluguru, ila ukungu umegoma kuondoka na nguo nilizofua juzi bado mbichi.

Leo alfajiri, wanafunzi wangu wa udaktari niliokuja nao huku kwa mafunzo ya vijijini wakiwa wamelala, nilipaka unga wa manjano kwenye komeo la choo, upande wa ndani. Nje pana kibuyu chirizi cha kunawia mikono na sabuni, kwa hiyo anayenawa akitoka hana cha kuogopa.

Baada ya chai nikaanza somo la usafi. "Nani amenawa alipotoka chooni?" Wote wakanyoosha mikono juu kama mawaziri wanaoapishwa. Dada, viganja karibu vyote njano! Neema peke yake alikuwa na mikono safi, ila begani alikuwa na alama ya kiganja kizima.

"Haya," nikasema, "ndivyo tunavyofuatilia mlipuko wa ugonjwa. Nani kamgusa nani?" Baraka, kiongozi wa darasa, akaomba ruhusa akanywe maji.

Nilikuwa bado nacheka Neema aliposimama. "Samahani mwalimu, na hiyo kwenye kidevu chako?"

Kumbe nilipomaliza kupaka komeo nilikwenda moja kwa moja kwenye mihogo ya kuchemsha!

Kadi hii nayo niliishika kabla sijanawa, ndiyo maana ina njano pembeni. Nakujua, unasoma huku umeshika andazi. Liweke chini, dada yangu kipenzi, ukanawe, ndipo uwabusu watoto kwa niaba yangu.