Milango ya Bweni la Keza

Fairfield, Sydney,
Australia.
11 Mei 2025.

Mpendwa wifi yangu Nsimire,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Kaka yangu Aloys hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anaubebesha magunia kwa ubishi? Sisi tu wazima, Mungu hajatuacha, ila roho yangu haijatulia hata kidogo. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono na kumpa mchungaji anayekuja huko kambini. Kwenye simu sithubutu. Simu ya kaka inasomwa na mtaa mzima.

Habari yenyewe ni ya Keza. Unakumbuka ulivyokuwa ukimbeba mgongoni na kusema mtoto huyu ana miguu ya korongo? Basi sasa ana miaka kumi na saba na anainama akipita mlangoni. Kila Jumamosi anacheza mpira wa kikapu. Mwezi wa pili akajitokeza kocha kutoka Amerika, mama mmoja wa sauti nzito. Amemwona kwenye video tu, tayari anamtaka akachezee chuo chake. Chuo chenyewe kidogo, wifi, wanafunzi mia nane katikati ya mashamba ya mahindi. Eti watamsomesha, watamlisha, watampa kitanda, yote kwa sababu anajua kutumbukiza mpira.

Nikasema hapana jamani. Chuo kikubwa kingemtaka ningeelewa, wakubwa wana vya kutupa. Lakini hiki hakijulikani hata na Chebet, yule nesi Mkenya ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, na Chebet hakuna asichokijua. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hujamsahau yule bwana wa miwani aliyekuja kuandika majina ya vijana wa kusomeshwa Dar es Salaam, akatoweka na kadi zetu za mgao. Naye alikuwa na tabasamu zuri hivyo hivyo.

Mume wangu Rénovat ndiyo usiseme. Siku ya pili kanisa zima linajua, watu wananipa mkono wa hongera kabla sijasema ndiyo. Huyu hata akidungwa sindano atashukuru kwanza, ndipo aulize ni ya nini.

Nikaona dawa ni moja: nimhoji kocha kama tulivyohojiwa sisi wakimbizi huko kambini kabla ya kuletwa huku. Kila mtu na chumba chake, swali lile lile, halafu majibu yanalinganishwa. Nikamkalisha Chebet na daftari awe mwandishi na mkalimani, maana Kiingereza cha Amerika kinanipita mbio. Tukampigia kocha kwa video. Keza atalala wapi? Kitanda cha juu au cha chini? Ufunguo atakuwa nao nani? Wali ni siku gani? Goti likivunjika, mnamrudisha nyumbani kama ndoo iliyotoboka? Bweni lina milango mingapi? Baada ya wiki mbili nikampigia tena ghafla, maswali nikayaanzia mwisho. Keza, ambaye alikwisha kutembezwa chuo kizima kwenye simu, nikamhoji chumbani peke yake. Alikasirika, akawa ananijibu Kiingereza tupu, lakini alijibu.

Wifi, majibu yakafanana. Kitanda cha chini, kirefu, wamekiagiza kwa ajili yake. Wali Jumanne. Goti likivunjika ataendelea kusoma mpaka amalize, na jambo hilo limo kwenye mkataba, Chebet amelisoma mara mbili. Yote yalifanana isipokuwa milango. Kocha alisema miwili, mara zote mbili. Keza alisema mitatu.

Nilipiga kigelegele! Nikamwambia Chebet andika hapo, wamekamatika, safari imekufa. Keza akaniangalia, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, mimi nilihesabu na mlango ya jikoni."

Nikakaa chini. Wewe unajua kwa nini. Kaka Aloys alimwambia yule afisa aliyetuhoji kambini kwamba nyumba yenu ina mlango mmoja. Wewe, kwenye chumba kingine, ukasema miwili, kwa sababu ulihesabu ule wa jikoni, na wewe ndiye mpishi. Hakuna aliyedanganya. Lakini majibu yenu yaligongana, mkakatwa majina. Sisi tukapanda basi, ninyi mkabaki. Miaka kumi na mitatu nimemlaani afisa yule, kumbe kazi yake nimeijua vizuri.

Tena nikuambie nisilomwambia mtu. Swali la milango niliweka makusudi. Nilijua ndilo linalowaangusha watu wasio na uongo. Yule kocha sikuwa na ushahidi wowote juu yake. Nilitaka tu akosee, mtoto wangu abaki. Naona haya kukuandikia wewe jambo hili, lakini ningemwandikia nani?

Nimetia sahihi juzi. Anaondoka mwezi wa nane. Kocha bado simwamini sana, nimemwonya kwamba nitapiga kila Jumapili na nitauliza wali uliliwa siku gani.

Wifi, nisaidie neno moja. Siku ile basi letu lilipoondoka, ulisimama getini na kaka, ukapunga kitenge chako huku unacheka. Nilikuangalia dirishani nikadhani hukuumia. Mpaka mwezi huu ndiyo nimekuelewa. Niandikie uliwezaje kucheka vile, maana nina miezi mitatu tu ya kujifunza.

Nisalimie kaka, umwambie aache magunia. Wasalimie watoto wote na mama mkwe wangu Verdiane kama bado anakuja kuota jua barazani kwenu. Mungu awalinde mnapotoka na mnaporudi, kwa mlango wa mbele na wa jikoni.

Wifi yako akupendaye bila maswali,
Nibigira