Dawa Niliyotia Kwenye Tanuri

Riverdale Park, Maryland

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi hii ya milimani Upare? Mimi ni mzima, ila moyo hauna raha tangu uache kupokea simu zangu. Dada amenieleza: ulinisikia nikisema natia dawa kwenye tanuri, na umeapa hutazungumza nami mpaka niache uganga.

Mama, ulimi umeniponza. Huku maabara ya chuo tunachoma mawe ya chuma pamoja na makaa. Jiwe hilo ni kama kutu iliyoganda, na makaa hutoa hewa inayoing'oa ile kutu, kibaki chuma. Lakini jiwe ni bishi. Kuna vitu ukitia kidogo tu, linalegea upesi bila kuongeza moto. Ndivyo nilivyoviita dawa, kama dawa ya viatu. Wewe ukamkumbuka babu yako mhunzi na mfuko wake wa mizizi.

Jumapili nilipika makande, yakagoma kuiva. Nikatia magadi uliyonifungia sandukuni, yakalainika. Nikabaki nimeshika mwiko, nacheka peke yangu, maana mojawapo ya dawa zetu ni ndugu wa magadi hayo hayo! Njoroge, Mkenya ninayekaa naye, anayehudumia wazee kule Temple Hills, alipojua kisa chote akasema, "Si ungemuexplainia tu ni magadi, bana? Mathe angeelewa."

Nikamwomba mwalimu wangu tujaribu magadi yako kwenye tanuri. Moto ule ule, muda ule ule. Jiwe lisilotiwa kitu lilitoka bado nusu jiwe. Lenye magadi lilikuwa karibu lote chuma. Na kama kwenye makande, yakizidi yanaharibu: yanakula chungu cha kuchomea.

Sasa swali linaninyima usingizi. Mle mfukoni mwa babu, pamoja na mizizi, hamkuwa na magadi? Sijui, na wa kumwuliza ni wewe tu.

Nisalimie dada, mjumbe wetu, na mjomba Elisafi mpiga kengele wa kanisa. Ndani ya bahasha kuna kipande cha chuma chenyewe. Kama unakiogopa, kiombee kwanza, halafu nipigie, hata kwa kunigombeza. Nimekukumbuka mno.

Magadi yamekwisha, mama. Ukinifungia mengine, nitajua tumepatana.

Mwanao asiye mganga,
Eliudi