Ncha Uliyoihamisha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umekupunguzia visa vyake. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama karakana yenye kelele, lakini nimezoea. Dada aliniambia kwenye simu kwamba unaulizia matokeo kila siku, basi acha nikueleze.

Mtihani wa uabiri, ule wa kuongoza meli kwa nyota, nimeurudia. Mtahini wa hapa ni mama mmoja aliyewahi kuwa nahodha, hana mchezo kabisa. Alinipa swali lile lile lililoniangusha kule nyumbani: meli iko kusini mwa ikweta, nyota inaonekana mashariki, chora mchoro wa upeo. Nilicheka kimoyomoyo. Nikachora duara la upeo wa macho, nikaweka katikati nukta ya utosini, ile iliyo juu kabisa ya kichwa, nikapitisha mstari wa kaskazini na kusini. Kisha ncha ya mbingu, ile nukta ambayo nyota zote huizunguka, nikaiweka upande wa kaskazini, kama ulivyonisahihisha.

Akaniuliza nani kanifundisha hivyo. Nikajibu kwa kujidai kwamba ni baba yangu, afisa wa meli mstaafu, aliyenifundisha tufe la mbingu kwa bakuli la kioo lililofunikwa juu ya meza ya jikoni, akaniambia mimi ni sisimizi niliyemo ndani. Yule mama akasema baba wa namna hiyo hawezi kukosea jambo hili. Ukiwa kusini, ncha iliyo juu ya upeo ni ya kusini. Ya kaskazini iko chini ya miguu yako, huioni hata ukikesha. Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyochora mara ya kwanza, nikafelishwa. Akanipa karatasi nyingine. Nimefaulu, Baba.

Hongera zako ziweke kwanza. Nilimpigia simu mtahini wa kwanza, rafiki yako Nanga, yule tunayemtania kwamba akishakaa kitini hang'oki. Aliumauma maneno, mwishowe akayatapika yote. Alisema ulimwomba aniangushe, kwa sababu tangu Mama atutoke unaiogopa nyumba tupu.

La Nanga ningelimeza. Lakini mimi nilikuletea ule mchoro nikilia, nawe ukaona wazi kwamba ni sahihi. Ukavaa miwani, ukachukua penseli yangu, ukaihamisha ncha. Ukanishika bega ukasema nisijali, kila mtu hukosea. Nikakuamini kiasi kwamba kitabu kiliponipinga nilisema kimechapwa vibaya. Miezi yote ile nilijiona mjinga, na wewe ukinitazama tu huku ukinimiminia chai. Umenisaliti, Baba, na sina neno jingine la kuliita hilo.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Kabla ya mtihani ule wa kwanza nilikuwa nimeshaongea na watu wa bandari ya pale nyumbani. Walikuwa tayari kunipa kazi ya kuongoza meli kuingia na kutoka, mradi nipate cheti, nami ningerudi kulala nyumbani kila siku. Nilikuficha ili nikuletee habari zote mbili pamoja, ufurahi. Nilipoanguka, nafasi ile akapewa mwingine. Sasa nimekubali kazi kwenye meli ya mizigo ya masafa marefu, na kesho tunaondoka.

Nisalimie Dada na wanawe. Nimemwomba awe anakuja kukutazama.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba